Safari za wageni kutoka Bagamoyo kwenda bara, karne ya 19: nazichambuaje kwa kompyuta?

MwanaKaole (Bagamoyo)

Wakuu, habari za leo. Nashughulikia njia ya misafara kutoka hapa Bagamoyo hadi Unyanyembe (nchi ya Tabora) na Ujiji, kama wageni walivyoiandika kuanzia 1857. Nimeshapakua Burton (1860, juzuu mbili), Speke (1863), Stanley (1872), Cameron (1877, juzuu mbili), na kitabu kimoja cha Kijerumani kilichopigwa chapa kwa zile herufi za Kigothi.

Nataka kujua kila mwandishi anataja watu na vituo gani na mara ngapi, anawazungumziaje wapagazi, kisha vituo vyote viingie kwenye ramani. Nimekwama pahali patatu:

1. Nikitafuta "Wanyamwezi" ndani ya Speke napata patupu, na haiwezekani mtu apite Unyanyembe asiwataje.
2. Kitabu cha Kijerumani kimejaa herufi f pasipostahili, majina hayasomeki.
3. Nimeweka Bagamoyo kwenye QGIS, programu ya ramani, nukta imeangukia Uhispania.

Kompyuta ni ya RAM GB 4 na bando ni la kupimia, kwa hiyo programu zinazotaka intaneti muda wote hazinifai. Naombeni hatua kwa hatua.

---

Mchapaji_Mkongwe

Ndugu MwanaKaole, kabla ya kuhesabu neno lolote, safisha maandishi. Matatizo yako mawili ya mwanzo yamezaliwa huko.

Speke na Stanley wapo Project Gutenberg, maktaba huru ya mtandaoni, na hayo yameshasahihishwa na watu, kwa hiyo chukua ya huko, usichukue ya Internet Archive, maktaba nyingine ya mtandaoni yenye picha za vitabu. Kata tu utangulizi wa Gutenberg juu na maelezo ya leseni chini. Mpaka wake unaonekana wazi: mistari yenye nyota tatu na maneno START na END. Usipoikata, maneno ya leseni yataingia kwenye hesabu zako kana kwamba ni ya Stanley.

Kwa kitabu unachokichukua Internet Archive, lile faili linaloishia na _djvu.txt ni kazi ya mashine tupu. Ondoa vitu hivi:

Kichwa cha kila ukurasa. Jina la kitabu au la sura hurudiwa juu ya kurasa zote. Sura yenye jina "Uzaramo" na kurasa 30 itakupa "Uzaramo" 30 ambazo mwandishi hakuziandika ndani ya masimulizi yake.

Faharasa ya mwisho wa kitabu, na matangazo ya mchapishaji yanayofuata nyuma yake. Faharasa ni mkusanyiko wa majina matupu, kwa hiyo inavuruga hesabu ya majina kuliko kitu kingine chochote.

Kistari cha mwisho wa mstari. "Unyam-" mstari huu na "wezi" mstari unaofuata yanahesabiwa maneno mawili. Kwenye Notepad++ fungua tafuta na badilisha, chagua regeksi (Regular expression), tafuta `-\r?\n`, badilisha kwa kutoweka chochote. Baada ya hapo pitia majina yenye kistari cha kweli, mfano Dar-es-Salaam, maana lililokatwa hapo hapo kwenye kistari litakuwa limeungana.

Tanbihi usizitupe. Zihamishie faili lake pembeni. Burton anaweka mambo mengi ya lugha na bei humo, na ukiziacha katikati ya ukurasa zinakata sentensi za masimulizi vipande.

Halafu gawa kila kitabu kwa sura, faili moja sura moja: speke1863_02.txt, stanley1872_05.txt. Hifadhi yote kwa usimbaji (namna ya kuandika herufi kwenye faili) wa UTF-8. Ukiona "Ã¼" mahali pa "ü", ujue faili la UTF-8 limefunguliwa kama Latin-1, usimbaji mwingine wa zamani. Lifungue upya kwa usimbaji sahihi, usianze kurekebisha herufi moja moja kwa mkono.

Sasa Kijerumani. Herufi za Kigothi zina s ndefu, ſ, inayofanana sana na f. Mashine iliyofundishwa herufi za kawaida inasoma "Wanyamwefi" badala ya "Wanyamwesi", "Ufaramo" badala ya "Usaramo". Kusahihisha kwa mkono ni kujitesa. Geuza PDF kuwa picha, kisha zisome upya kwa Tesseract (programu ya kusoma maandishi yaliyo kwenye picha) ukitumia modeli ya Fraktur, yaani ya Kigothi:

`pdftoppm -r 300 -gray -tiff kitabu.pdf uk`
`tesseract uk-045.tif uk-045 -l script/Fraktur --psm 4`

Nukta 300 kwa inchi ndicho kiwango cha chini, ukishuka hapo ncha ndogo inayotofautisha ſ na f inapotea. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: Tesseract ina kamusi ndani yake, na kamusi hiyo inavuta neno geni kuelekea neno inalolijua. Kwa majina yetu hilo ni balaa. Izime kwa kuongeza haya kwenye amri ya tesseract:

`-c load_system_dawg=0 -c load_freq_dawg=0`

Maneno ya kawaida ya Kijerumani yataharibika kidogo zaidi, lakini majina yatabaki karibu na yalivyochapwa. Kwa kazi yako majina ndiyo mali.

Mwisho, pima. Chukua kurasa 10 kwa bahati nasibu, hesabu majina ya mahali na ya watu yaliyomo kwenye picha, kisha hesabu mangapi yametoka sawasawa kwenye maandishi. Pima majina peke yake, usipime maneno yote. Ukurasa unaweza kuwa safi kwa asilimia 98 na bado nusu ya majina yake yakawa yameharibika.

---

BintiMrima (Tanga)

Mchapaji amemaliza ya usafi. Mimi niongeze ya tahajia, kwa sababu hapo ndipo penye kazi yenyewe.

Kaka, Speke hakuwasahau Wanyamwezi. Anaandika *Wanyamuezi*, kwa u. Burton na Stanley wanaandika *Wanyamwezi*. Mjerumani wako ataandika *Wanyamwesi*, kwa sababu kwao s ndiyo inayobeba sauti ya z: Sansibar, Usaramo, Wasaramo. Ujiji kwao ni Udschidschi au Udjidji. Burton naye anapachika alama ya ritifaa ndani ya majina: K'hutu, Mk'hali. Programu ikiwekwa ihesabu herufi tupu kama neno, K'hutu inakatwa ikawa "K" na "hutu", na jina limekwenda. Ingia kwenye mipangilio ya tokeni (kipande ambacho programu inakihesabu kama neno moja), ongeza ritifaa. Angalia pia kama ni ritifaa iliyonyooka au iliyopinda. Kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti.

Kuna viambishi vyetu pia. Programu za Kiingereza hazijui kwamba Uzaramo, Wazaramo, Mzaramo na Kizaramo ni shina moja. AntConc, programu ya kutafuta na kuhesabu maneno, ni nyepesi, inatosha kwa GB 4 na haihitaji intaneti. Tafuta `*zaramo`, kisha `*saramo`. Nyota inapokea chochote kilichotangulia. Lakini usiziunganishe kwenye hesabu moja. U- ni nchi, Wa- ni watu, na swali lako la kwanza linataka kujua mwandishi anataja watu au anataja njia tu. Mwandishi mwenye "Uzaramo" nyingi na "Wazaramo" chache ametuonyesha alikuwa akitazama nini.

Hatua yangu ni hii. Toa AntConc orodha nzima ya maneno ya kila kitabu, bakiza yanayoanza kwa herufi kubwa, yatie OpenRefine, programu ya kusafisha majedwali. Nayo inafanya kazi ndani ya mashine yako, inafunguka kwenye kivinjari kwa anwani 127.0.0.1:3333, bando haliguswi. Safu ya majina inakili kwanza mara mbili: `jina_kitabuni`, ambayo haibadilishwi hata herufi, na `jina_sanifu`, ambayo ndiyo ya kufanyia kazi. Anayefuta tahajia ya asili hawezi kurudi kwenye ukurasa alikotoka.

Kwenye safu ya pili tumia Cluster (kukusanya majina yanayofanana), njia ya nearest neighbor, kipimo cha levenshtein. Hapa watu wengi wanakata tamaa kwa kuona haileti kitu. Sababu ni kile kisanduku cha Block Chars: kinakuja kimewekwa 6, yaani majina mawili hayalinganishwi mpaka yawe na kipande cha herufi 6 mfululizo kinachofanana. Wanyamwezi na Wanyamuezi yanapita, yana "Wanyam". Lakini Ugogo ni herufi 5 tu, halitalinganishwa na chochote. Shusha iwe 3. Radius (tofauti ya herufi inayoruhusiwa) anza na 1, ukipanda 2 utaanza kuunganisha visivyohusiana.

Na usibonyeze kukubali vyote. Ugogo na Ugogi zimetofautiana herufi moja, kompyuta itakuambia ni kosa la chapa. Si kosa! Kwa Burton, Ugogi ni kituo unachofikia ukishashuka milima ya Usagara, na Ugogo ni nchi inayofuata mbele. Ukiziunganisha umefuta kituo kizima.

Mito nayo ina mtego wake. Mto mnaouita Ruvu hapo Bagamoyo, wasafiri karibu wote wanauita Kingani. Lakini ukisoma vitabu vya upande wetu wa Tanga, Ruvu au "Rufu" ni mto Pangani. Kwa hiyo usiandike kanuni ya jumla kwamba Rufu ni Ruvu ni Kingani. Andika kanuni kwa kila kitabu peke yake.

Halafu Kazeh. Burton na Speke wanaitaja sana, na huioni kwenye ramani ya leo. Ni Tabora.

---

MwanaKaole

Dada BintiMrima, ahsante sana. Nimeshusha Block Chars na makundi yamejitokeza. Ila kuna jambo. Nimejaribu programu ya kutambua majina yenyewe, spaCy, inipunguzie kazi. Imeweka "Bombay" kuwa ndiyo mahali panapotajwa sana ndani ya Speke. Na Unyanyembe imeiita jina la mtu.

---

BintiMrima

Achana nayo kwa kazi hii, imefundishwa kwa habari za magazeti ya leo. Bombay wa Speke kwa sehemu kubwa ni Sidi Mubarak Bombay, kiongozi wa msafara, mtu aliyetembea na Speke, na Stanley, na Cameron. Ukimwacha hivyo, QGIS itamchora India, na mmoja wa watu waliotembea njia hii mara nyingi kuliko wageni wenyewe atatoweka kwenye kazi yako akawa mji. Hili lishike sana.

Ila mji wa Bombay nao wanautaja, ndiyo maana huwezi kubadilisha yote kwa mkupuo. Kwenye AntConc tafuta Bombay, panga mistari kwa neno la kwanza kulia. Kikifuata kitenzi, alisema, alirudi, alikataa, ni mtu. Kikifuata "Government" ni mji. Kisha panga kwa neno la kwanza kushoto: "from Bombay" mara nyingi ni mji, lakini "to Bombay" soma sentensi nzima, inaweza kuwa mtu kaambiwa jambo. Badilisha moja moja kuwa BombayMtu na BombayMji, bila kistari cha chini, maana tokeni inaweza kukatika hapo.

Orodha ya majina tengeneza mwenyewe kwa mkono. Vitabu vitano au sita havikushindi.

---

FundiRamani

Nijibu la Uhispania. Bagamoyo ni 6°26' kusini, 38°54' mashariki. Gawa dakika kwa 60: 6.4333 na 38.9. Kusini ni hasi, kwa hiyo -6.4333. Kwenye QGIS sehemu ya X ni longitudo na Y ni latitudo, kinyume na tunavyozoea kutamka. Wewe umeziweka kinyume: X -6.43, Y 38.9, na hapo ni karibu na mji wa Mérida, Uhispania. Ukisahau alama ya hasi peke yake, utaangukia kusini mwa Ethiopia. Mahali nukta ilipopotelea panakueleza kosa ulilofanya.

Kuna kosa la tatu lisilojitangaza. Ramani za Kifaransa za karne ya 19 zinahesabu longitudo kuanzia Paris, nyuzi 2 na dakika 20 mashariki ya Greenwich. Kwa hesabu hiyo Bagamoyo ni 36°34'. Ukiingiza namba hiyo bila kuongeza 2°20', Bagamoyo yako inakwenda kukaa jirani na Mpwapwa, kama kilomita 260 bara. Nukta iko Tanzania, iko kwenye njia ya misafara, kwa hiyo huishtukii. Ramani nyingine za zamani zinaanzia Ferro, kisiwa kimoja cha Kanari, 17°40' magharibi ya Greenwich. Hizo unapunguza badala ya kuongeza. Soma pambizo la ramani kabla ya kunakili namba yoyote.

Hata namba za Kiingereza usiziamini sawasawa. Latitudo walipima kwa jua na nyota, ikatoka vizuri. Longitudo inategemea saa. Saa ikikosea dakika 1 tu, kituo kinasogea takriban kilomita 28 mashariki au magharibi, na saa hizo zilibebwa miezi mingi kwenye jua, mvua na mizigo inayodondoshwa. Ndiyo maana wasafiri wawili wanaweza kukubaliana Ujiji iko kusini kiasi gani, wasikubaliane iko mbali kiasi gani.

Jedwali lako liwe na safu hizi: jina_kitabuni, jina_sanifu, kitabu, juzuu, ukurasa, aina, latitudo, longitudo, uhakika, maelezo. Uhakika weka 1 kwa mahali panapojulikana bila shaka (Bagamoyo, Kaole, Ujiji), 2 kwa mahali palipokadiriwa kati ya vituo viwili vinavyojulikana, 3 kwa jina lisilo na mahali. Hao wa 3 wasichorwe, lakini wabaki kwenye jedwali. Kuhifadhi jina bila nukta ni bora kuliko kulipa nukta ya uongo.

Usitafute majina haya moja kwa moja kwenye hifadhi za majina za mtandaoni ukakubali jibu la kwanza. Mbuyuni, Mtoni, Mbuyu Mmoja, haya yapo kila wilaya. Na kituo kilichoitwa kwa jina la jumbe wake kilikuwa kinahama au kubadilishwa jina jumbe akifa. Panga vituo kwa mfuatano wa siku za mwendo, kisha tazama kama nukta inakaa katikati ya jirani zake.

Burton alianzia Kaole, si Bagamoyo. Ni kama kilomita 5 tu, kwenye ramani ya nchi nzima nukta zitapandana, lakini kwenye jedwali ziwe mistari miwili.

---

MwalimuPangani

Wenzangu wametoa vifaa, mimi naona orodha ya vitabu ina pengo. Wote ni wageni. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha *Safari za Wasuaheli*, masimulizi ya safari yaliyoandikwa na Waswahili wenyewe, kwa Kiswahili. Mmoja wao ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa hapo hapo Bagamoyo, anayeeleza Udoe na Uzigua, nchi iliyo mgongoni kwenu. Lipo pia simulizi la Selemani bin Mwenye Chande la safari ya bara. Ukiliweka pembeni ya Stanley, unaona mtu anayejua maana ya kila neno analolitaja.

Kwa kompyuta angalia mambo mawili. Tahajia ni ya Kijerumani, ch inaandikwa tsh, jina la Chande linaonekana Tshande. Na neno "tanga" humo linaweza kuwa tanga la chombo, si mji. Maandishi ya 1901 ni huru kutumia, lakini tafsiri za Kiingereza za miaka ya karibuni bado zina haki za wenyewe.

Jambo jingine: kitabu si shajara. Shajara ya Livingstone ya 1871, ile aliyoandika juu ya karatasi za gazeti kwa wino wa kutengeneza mwenyewe, imepigwa picha kwa mianga ya rangi mbalimbali hadi ikasomeka tena, na iko wazi kwenye tovuti ya Livingstone Online. Linganisha na kitabu kilichotolewa 1874 baada ya kifo chake. Mhariri ameingiza mkono. Kwa hiyo ukihesabu maneno ya kitabu unahesabu pia mkono wa mhariri, na hilo liandike kwenye maelezo yako ya njia ya utafiti.

---

MwanaKaole

Mwalimu, shikamoo, na ahsante. Limebaki la wapagazi. Nimetafuta "porter*" nikapata machache kwa Stanley kuliko nilivyotegemea.

---

BintiMrima

Stanley anapenda kuandika *pagazis*, kwa s ya wingi ya Kiingereza. Kusanya kundi zima: pagazi*, porter*, carrier*, kirangozi (kiongozi wa njia), na kwa Kijerumani Träger. Wakati mwingine wanasema "the men" tu, au "Wanyamuezi" wakimaanisha wapagazi na si kabila. Hayo hayana njia ya mkato, ni kusoma. Vivyo hivyo kwa ushuru wa njiani: tafuta hongo, honga, tribute, pamoja.

Ukilinganisha vitabu, gawa kwa urefu. Mfano, mara 84 ndani ya maneno 210,000 ni 4 kwa kila 10,000. Mara 84 peke yake haisemi kitu ukiwa na kitabu kimoja kirefu mara mbili ya kingine.

Kisha tazama maneno yanayoandamana nao, matano kushoto na matano kulia. Utakutana sana na habari ya kutoroka. Usitafute `desert*`, kwa sababu inakuletea na jangwa. Andika deserted, deserter*, desertion*. Na hata hapo, "deserted village" ni mahame, kijiji kilichohamwa, hakuna mpagazi aliyetoroka. Hizo ziondoe kwa kusoma neno la kwanza kulia, ila zinakili kwenye jedwali jingine lenye ukurasa na kituo, maana mahame yaliyotajwa kati ya Kingani na Usagara ni habari ya nchi yenyewe, na FundiRamani anaweza kukusaidia kuyachora.